Land Rover ya Wakfu na Land Cruiser ya Mwenye Dhahabu

Ndugu wasomaji, nyinyi mkaao mwambao mwajua kuwa chombo hakihukumiwi kikiwa kimefungwa bandarini. Mashua iliyopakwa rangi jana na mashua ya zamani yenye viraka zote hupendeza maji yakiwa shwari. Kusi ikivuma ndipo nahodha hujua ipi ni chombo na ipi ni pambo. Huku bara, katika ardhi ya Shinyanga na Geita ambako nimesomesha kwa miaka arubaini, hatuna bahari ila tuna mbuga za udongo mweusi, na vyombo vyetu ni magari. Kwa hiyo msistaajabu mwalimu wa chuo akikamata kalamu kuandika juu ya injini na magurudumu. Magari mawili yalituletea mas-ala msikitini kwetu, na mas-ala hayo yalikaribia kututia mfarakano. Nami naona yana faida kwa kila nyumba yenye kitu cha zamani, na kwa kila mtu aliyetamanishwa kukibadili kwa kipya.

Ndugu wa babu mmoja

Gari la kwanza ni Land Rover, ile ndefu iitwayo mia na tisa, kwa kuwa baina ya gurudumu la mbele na la nyuma mna inchi 109. Yetu ilitoka kiwandani Uingereza mwaka 1967. Mwenye kujua huitambua umri kwa taa zake, maana ziko katikati, zimebanana kwenye pua, hali wenzake waliotoka kuanzia mwishoni mwa miaka ile ya 1960 walihamishiwa taa mabegani. Aliinunua mzee mmoja mfanyabiashara wa pamba na ngozi. Mwaka 1988, alipohisi siku zake zinakaribia, akaiweka wakfu mbele ya mashahidi wawili, mimi nikiandika kwa mkono wangu: ichukue wagonjwa na maiti wa mji wetu na vijiji vya jirani, wa dini yoyote, bila ya ujira ila petroli. Mji wetu ni mdogo, uko njia ya kutoka Kahama kwenda Geita.

Gari la pili ni Toyota Land Cruiser, namna ile ya namba 70, iliyopewa na Watanzania jina la "mkonga" kwa sababu ya bomba lake la kuvutia hewa lipandalo ubavuni mpaka usawa wa paa, mfano wa mkonga wa tembo. Namna hiyo ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1984. Hii ninayoizungumza ni ya mwaka 1994, na ndani yake imo injini ya dizeli ya silinda sita, lita nne na kidogo, iitwayo 1HZ, ambayo Toyota walianza kuitia mwaka 1990.

Watu hubishana juu ya magari haya mawili kama wabishanavyo juu ya Simba na Yanga, na kila mmoja hudhani gari lake na la mwenzake hawana udugu. Lakini ukitafuta nasaba utakuta babu yao ni mmoja, nayo ni Jeep ya Wamarekani iliyotumika katika Vita vya Pili vya Dunia. Mhandisi mmoja wa kampuni ya Rover, Maurice Wilks, alikuwa na Jeep shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey, akafikiri atatumia nini itakapochakaa. Kutoka katika fikra hiyo ilizaliwa Land Rover, ikaonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Wajapani nao mwaka 1951 walitengeneza gari la mfano huo huo, wakaliita BJ, na mwaka huo huo likapanda Mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Mwaka 1954 wakalipa jina la Land Cruiser, wakikusudia jina lisilopungua heshima mbele ya lile la Kiingereza. Basi anayelitukana moja kwa ajili ya jingine anamtukana ndugu mbele ya nduguye.

Tena kuna jambo la ibra katika kuzaliwa kwa Land Rover. Baada ya vita chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza, hakitolewi ila kwa kipimo. Wakaona watengeneze bodi kwa alumini, ambayo ilikuwapo tele, tena wakaifanya bapa bapa ili ikunjwe kwa vifaa vyepesi. Walifanya vile kwa dhiki. Lakini dhiki ile imekuwa neema kwetu sisi, maana bodi ya alumini hailiwi na kutu, na kila bati lake fundi wa kijijini hulikunja kwa nyundo na ubao. Chesisi ya chini ndiyo ya chuma, nayo kutu huila. Ni mara ngapi mja hupewa riziki yake kupitia mlango alioudhani ni wa taabu!

Udongo ndio kadhi

Ama kulinganisha kwa maneno barazani, kila mtu aweza. Huku kwetu kadhi wa magari ni udongo. Wasukuma, ambao ni wakulima na wafugaji wa tangu na tangu, wana majina ya kila namna ya udongo. Ule wa mchanga wa miinukoni huuita luseni, na ule mweusi wa mabondeni huuita mbuga. Wakati wa kiangazi mbuga hupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama huweza kuingia. Mvua zikinyesha, udongo ule ule hugeuka mfano wa uji uliochanganywa na gundi, hushika tairi, hujaza nafasi iliyo juu yake, mpaka gurudumu lisiweze kuzunguka. Njia ya kutoka Kahama kupita Kakola kwenda Geita ilikuwa ya udongo mtupu kwa miaka mingi, na njia ndogo za kwenda kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, Nyarugusu na Rwamgasa na kwingineko, ndizo mbaya zaidi.

Tuitazame Land Rover mbele ya kadhi huyo. Ni nyepesi, basi hata ikizama, watu wanane wenye nia wataitoa. Betri ikifa, ina hendeli ya kuwashia mbele, dereva hushuka akaizungusha kwa mkono na injini ikawaka. Hizo ni fadhila zake. Upungufu wake ni kwamba injini ni ya petroli, silinda nne, lita mbili na robo, na hunywa lita moja kwa kila kilometa tano au sita, nayo si haba kwa gari la sadaka. Gia ya kwanza na ya pili haziingii ila kwa adabu, yataka dereva akanyage klachi mara mbili na asikilize mlio. Kijito kikijaa, hapana budi kusimama kabla ya maji, kufungua feni beliti isirushie maji injini, na kufunika plagi na nyaya zake kwa mfuko wa nailoni. Tone moja likiingia pasipotakiwa, gari hufa katikati ya mto. Na zaidi ya yote ni ekseli zake za nyuma, ambazo hazistahimili pupa. Dereva akikanyaga mafuta kwa hasira gari likiwa limenasa, atasikia mlio kama kuni iliyovunjwa gotini.

Land Cruiser haina plagi wala kabureta. Dizeli yake huwaka kwa mgandamizo tu, kwa hiyo maji hayaisumbui maadamu hewa ivutwayo ni safi, na hiyo ndiyo hekima ya ule mkonga. Nguvu ya silinda sita huivuta taratibu pale ambapo Land Rover huanza kulalamika. Ekseli zake ni nene. Mafuta yake hutosha safari ndefu kwa gharama ndogo. Lakini ni nzito. Ikishuka katika mbuga hushuka kweli kweli, na hapo watu wanane hawatoshi, utatafuta trekta au Land Cruiser nyingine. Tena haina hendeli. Betri ikifa porini, umekuwa mgeni wa fisi mpaka asubuhi.

Mwaka 1998, mwaka wa zile mvua kubwa za El Niño, tuliitwa usiku kwenda Rwamgasa kuchukua vijana wawili waliofukiwa na duara, yaani shimo la wachimbaji. Zikiwa zimebaki kilometa chache, ekseli ya nyuma ikavunjika. Fundi wetu hakusema neno. Alichukua spana, akafungua bolti sita zilizo katikati ya gurudumu, akachomoa ekseli iliyovunjika na kipande chake, akatia nyingine aliyokuwa akiibeba chini ya kiti siku zote, kwa mwanga wa tochi, bila hata ya kupandisha jeki. Saa moja hivi ilipita. Tulipofika, kijana mmoja alikuwa amekwisha kukata roho, na mwenzake alikuwa hai. Huyo yu hai mpaka leo, ana watoto, huuza samaki Katoro.

Nimeisimulia hadithi hiyo kwa watu wa aina mbili. Wapenzi wa Land Rover husema: tazama, ni gari gani jingine lingetengenezwa gizani kwa saa moja? Wapenzi wa Land Cruiser husema: tazama, ni gari gani jingine lingevunjika ekseli na kupoteza saa hiyo moja? Nami nasema wote wawili wamesema kweli. Yafaa mwenye kulinganisha awe na kifua cha kubeba kweli mbili.

Mkono wa fundi

Walio vijana leo hawajui hali ya spea ilivyokuwa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilikaukiwa na fedha za kigeni, na mpaka katikati ya miaka ya 1980 kupata beringi moja au plagi nne kulikuwa kama kupata hati ya nyumba. Nilipofika huku mwaka 1985 nikiwa kijana niliyetoka chuoni pwani, nilikuta mafundi wanaokata gasketi kwa mkasi kutoka katika makaratasi magumu ya maboksi, wanaochonga bushi za springi kutoka katika tairi kuukuu, na wanaotia viraka vya bodi ya Land Rover kwa sufuria zilizotoboka, kwa kuwa sufuria nayo ni alumini. Jani la springi likikatika halikutupwa, liligeuka panga au jembe. Haikuwa ajabu, maana nchi hii ya Geita ni nchi ya Warongo, wahunzi walioyeyusha chuma na kufua majembe zamani kabla ya kuja kwa wakoloni. Moto wa zamani ulikuwa haujazimika, ulibadilisha kazi tu.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baada ya hapo magari ya Kijapani yakaanza kuingia kwa wingi, mengi yakipitia Dubai. Na mwaka huo huo, kama nilivyotaja, ndipo Land Cruiser ya namba 70 ilipoanza kutengenezwa. Dhiki ilipungua, na pamoja nayo ikapungua haja ya mtu kuijua mashine yake. Zamani dereva asiyejua kusafisha kabureta na kurekebisha platini hakuitwa dereva. Siku hizi mtu huendesha miaka kumi hajawahi kufungua boneti.

Fundi wetu ni Msukuma aliyejifunza kazi katika gereji za mgodi wa almasi wa Mwadui, ule ulioanzishwa na Williamson mwaka 1940. Siku moja nilimwuliza lipi kati ya magari mawili haya ni bora. Akafuta mikono yake, akasema: "Sheikh, Land Rover hukwambia ugonjwa wake kila siku, mpaka unachoka kusikiliza. Land Cruiser hukaa kimya. Siku itakaposema, ujue ugonjwa ni mkubwa." Nikamwambia, basi Land Rover ni bora kwa kuwa ni mkweli. Akakataa. "Mgonjwa anayelalamika kila siku si mkweli zaidi ya mzima anayenyamaza," akasema. "Huyu mzima amenyamaza kwa sababu haumwi."

Nilijifunza uadilifu kwa maneno yale. Sisi wazee tuna tabia ya kuyasifu ya zamani, na aghlabu tunayoyasifu si ya chuma bali ni ya watu. Subira tuliyoipenda katika Land Rover ilikuwa subira ya fundi. Umoja tulioupenda ulikuwa wa wale watu wanane waliosukuma. Vitu hivyo havikutoka kiwandani Uingereza, na havizuiliwi na gari la Japani. Vijana wa gereji za Kahama na Katoro leo hufungua pampu ya dizeli ya 1HZ na kuisafisha kama baba zao walivyosafisha kabureta, maana injini hiyo nayo ni ya kizamani, haina kompyuta ndani yake. Tatizo lao kubwa ni spea bandia, ambazo huvaa sura ya asili na kufa baada ya mwezi. Na hilo ni tatizo la waja, si la gari.

Kipando na pambo

Katika Suratun Nahl, Mwenyezi Mungu anatutajia farasi na nyumbu na punda, kwamba ni wa kupanda na ni pambo, kisha anatukumbusha kuwa Yeye huumba tusivyovijua. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wanapofika hapo huwataja wanafunzi wao magari na ndege. Pambo, basi, halikuharamishwa. Lakini tazameni mpango wake: kupanda kumetangulia, pambo limefuata. Pambo likitangulia, kipando hupotea.

Nimeona pambo likihama kutoka gari hadi gari kwa macho yangu. Nilipofika huku, Land Rover ndiyo iliyokuwa gari la ukubwa. Ilipoingia kijijini watoto walikimbia, na watu wazima walisimama, maana ndani yake alikuwamo mkuu wa wilaya au mtu wa Chama. Baadaye zikaja Land Cruiser za anasa, zenye viti vya ngozi na vioo vyeusi, wananchi wakaziita "mashangingi", jina lililokuwa la mwanamke wa kujipamba na kujionyesha. Mkonga wetu si shangingi, ni nduguye wa kazi, anayekalia mabenchi. Lakini hata yeye katika miji ya dhahabu amekuwa alama. Kijana akipata mfuko mzuri Nyarugusu, kabla ya kujenga na kabla ya kuoa, huuliza bei ya mkonga.

Na sasa gurudumu limezunguka tena. Tarehe 29 Januari 2016, kiwanda cha Solihull kilitoa Land Rover ya mwisho ya ukoo ule wa 1948, baada ya kutengeneza zaidi ya milioni mbili kwa muda wa karibu miaka 68. Kampuni yenyewe tangu 2008 ni mali ya Tata wa India, jambo ambalo wale waliotutawala wasingelidhani. Kitu kisipotengenezwa tena, matajiri hukitamani. Mwezi wa Oktoba 2024 palifanywa tamasha Arusha, zikakusanyika Land Rover zaidi ya elfu moja, zikapita kwa msafara. Gari ambalo jana lilibeba mbuzi na magunia ya pamba leo linang'arishwa kwa nta.

Sisemi kuwa hilo ni baya. Kuhifadhi kazi nzuri ya mikono ya waliotangulia ni jambo jema. Lakini katika tamasha hilo alikuwamo mtu wetu mmoja, na alirudi na shauku moyoni.

Mas-ala yenyewe

Mtu huyo ni kijana wa makamo, mzaliwa wa hapa, mnunuzi wa dhahabu katika soko la madini la Geita lililofunguliwa mwaka 2019, tena ni mtu wa kuswali na kutoa. Alinijia baada ya Alasiri, mwezi wa Novemba 2024, mvua zikiwa zinaanza. Akasema: "Sheikh wangu, nipeni yule mzee, nami nitawapa mkonga wangu. Na juu yake nitaongeza tairi tano mpya." Yule mzee maana yake Land Rover ya wakfu. Alitaka kuirudishia rangi yake ya kijani na kuipeleka Arusha mwaka utakaofuata.

Kamati ya msikiti ilifurahi. Hesabu ilikuwa nyepesi: gari zima kwa gari bovu. Nikawaambia wangoje, kwa kuwa kitu kile si chetu. Ndipo kijana mmoja, niliyemsomesha mimi mwenyewe tangu alifu na bee, akainuka kwa adabu akasema: "Maalim, mgonjwa akitufia njiani kwa kuwa tumeng'ang'ania gari la kale, utajibu nini mbele ya Mwenyezi Mungu?"

Ndugu wasomaji, swali hilo si dogo, nami sikulala usiku ule. Kwani hukumu ya wakfu katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni mashuhuri: hauuzwi, hautolewi zawadi, wala haurithiwi. Hata hivyo wanavyuoni hawakufumba macho mbele ya uchakavu. Imamu Nawawi katika Minhaji anataja mikeka ya msikiti ikichakaa, na kauli anayoipa nguvu ni kwamba yajuzu kuuzwa. Na wenzetu wa madhehebu ya Imamu Ahmad ni wepesi zaidi, huruhusu wakfu uliokoma manufaa kuuzwa na badali yake kununuliwa kilicho mfano wake. Basi nikaona mas-ala yote yananing'inia juu ya msumari mmoja: je, manufaa ya Land Rover hii yamekoma? Na hilo si swali la sheikh. Ni swali la fundi.

Nikamwita fundi wetu, nikamwambia, ewe mzee, hapa umekuwa shahidi, sema kama utakavyosema siku ya kiyama. Akaichukua siku mbili. Akagonga chesisi kwa nyundo kutoka mwanzo hadi mwisho, akapima mafuta ya difu, akasikiliza injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Kisha akatoa ushahidi mbele ya kamati: chesisi yataka kuchomelewa mahali pawili, giaboksi ina kelele lakini inashika, injini imechoka lakini haijafa. "Kwa hapa mjini, na kwa njia kavu, itafanya kazi miaka kumi," akasema. "Kwa mbuga, usiku, mvua ikinyesha, mimi mgonjwa wangu simpandishi humo."

Ushahidi ule uliwajibu wote wawili, mimi na mwanafunzi wangu. Manufaa hayakukoma, basi haiuzwi wala haibadilishwi kwa tairi tano wala hamsini. Lakini manufaa yamepungua, basi si halali kumtia mgonjwa katika hatari kwa kupenda kwetu vitu vya kale. Land Rover ibaki na kazi yake iliyoweza, na kwa ile isiyoweza tutafute kingine.

Nikamwambia yule mnunuzi wa dhahabu: "Mwanangu, unachokitaka hatuna uwezo wa kukupa. Aliyekitoa amekufa, na Aliyetolewa hafi." Hakupendezwa. Akasema, basi mkonga wake utakaa uani kwake. Nikamwuliza: "Utakaa uani ukifanya nini?" Akaondoka bila ya kujibu, na kwa Ijumaa mbili akaswali msikiti mwingine. Wazee wawili wa kamati wakanilaumu waziwazi, na mpaka leo wakipita karibu na Land Rover hutazama tairi zake, kisha hunitazama mimi.

Ijumaa ya tatu alikuja, akanipa ufunguo mkononi. "Naazima tu, Sheikh," akasema, "mpaka mvua zikatike. Wakfu siwezi. Moyo wangu haujafika huko." Nilimpenda kwa ukweli ule, maana kuazima kwa moyo safi ni bora kuliko wakfu wa kutazamwa na watu. Msimu ule mkonga ulikwenda migodini na vijijini mara nyingi, usiku na mchana, ukaleta wagonjwa na akina mama wenye uchungu wa kuzaa. Land Rover nayo ilibeba majeneza kwenda makaburini, pole pole, kama inavyostahiki. Mvua za msimu zilipokatika nilimkumbusha, kwa kuwa azima ni amana na amana hurudishwa. Akatazama juu, kiangazi kile, akasema: "Sheikh, mbona mimi bado naona mawingu?"

Nasaha kwa wenye vitu vya kale

Nimeyaandika haya kwa ajili yenu mlio pwani khasa, kwa sababu nyinyi ndio wenye wakfu nyingi: nyumba za mawe, mashamba ya minazi, visima, na hata vyombo vya bahari. Kila siku hutokea mtu mwenye fedha akasema, nipeni hicho kibovu niwape kizima. Wengine humkubali siku ile ile kwa kuona mng'aro wa kipya. Wengine humfukuza kwa matusi kwa kuona kila cha zamani ni kitakatifu. Wote wamehukumu bila ya kumwita shahidi.

Njia iliyo sawa ni kuuliza mambo matatu kwa utaratibu wake. Kwanza, kitu hiki kiliwekwa kwa kazi gani? Pili, kazi hiyo bado chaiweza, yote au baadhi yake? Tatu, ile sehemu kisiyoiweza, nani atakayeumia tukiiacha? Swali la kwanza mwulizeni aliyeandika wakfu, au karatasi yake. La pili mwulizeni fundi: mwashi kwa nyumba, mkwezi kwa minazi, seremala wa vyombo kwa jahazi. La tatu mwulizeni mgonjwa, na maskini, na mwanafunzi, yule ambaye kitu hicho kiliwekwa kwa ajili yake. Sheikh huja baada ya hao wote, akayapanga majibu yao katika mizani ya sharia. Na mnunuzi huja mwisho kabisa, ikiwa pana haja ya yeye kuja.

Mkimwona mnunuzi amekwisha kufika na fundi hajaitwa bado, wekeni chai, mzungumzeni kwa uzuri, wala msitie sahihi.

Wabillahi tawfiq.